Yago la Oloo

Kisumu Ndogo, Kibera
4 Februari 1979

Kwa mdogo wangu Oketch,

Mimi ni mzima, omena yangu sokoni inanunuliwa, na paa halivuji tena tangu nilipomwita fundi wa mabati. Mama huko nyumbani Seme anakusalimu, goti lake bado linamsumbua. Shemeji yako Filister na mtoto wake Sella wako salama hapo chumbani kwako ulikowahifadhi, Kawangware 46. Sella amejifunza kusema "hapana" na sasa hasemi neno lingine. Sijui wewe.

Nasema sijui kwa sababu uliniaga kwamba unakwenda Mombasa kupiga picha za hoteli. Jana nilipitia ofisini kwenu kukuulizia. Yule dereva wenu, Khamala, akaniambia, "Magi, Mombasa gani? Huyo jamaa yuko Bukoba, anafuata vita ya Tanzania na Uganda." Alisema hivyo huku anatafuna muhogo, kana kwamba ananipa habari za mvua. Nikatoka pale moja kwa moja kununua karatasi hii ninayokuandikia.

Sasa nisikilize. Baba mdogo alikuja Jumapili iliyopita. Anasema ndugu yetu Oloo alikamatwa kule Jinja miaka miwili iliyopita, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwona wala aliyesikia habari zake. Wazee wanasema mtu ambaye hajalala mahali pake analisumbua boma. Wanataka wakate tunda la yago walizike badala ya mwili wake, kama inavyofanywa kwa mtu aliyepotea kabisa. Unajua maana yake. Yago likishaingia ardhini, Oloo amekufa, hata akitokea kesho langoni kwa miguu yake mwenyewe. Na mkewe Filister atatafutiwa mwanamume wa kumwangalia, na mwanamume huyo ni wewe.

Mama amekataa, lakini mama amechoka. Rudi uje ukae na hao wazee. Picha za vita zitapigwa na watu wengine ambao dada zao hawawahitaji.

Ni mimi dada yako, na nimekasirika,
Magdaline


Karibu na Masaka, Uganda
27 Februari 1979

Dada Magi,

Pokea salamu zangu. Barua yako imenifikia leo ikiwa imefunguliwa na kugundishwa tena, maana maofisa wa jeshi husoma kila karatasi. Endelea kuandika Kiswahili hivyo hivyo. Ukiandika Kijaluo, itawekwa kando mpaka apatikane mtu wa kuisoma, na huku watu wa kuisoma hawana nafasi. Halafu, kwa kuwa mpaka wetu na Tanzania umefungwa, barua zinazungushwa pamoja na mikebe ya filamu, ndege hii hadi ndege ile, ndipo zifike Nairobi. Nikichelewa kukujibu usianze kunililia.

Mimi ni mzima na ninakula. Watu wa huku omena wanaiita dagaa, na ungeona wanavyoipika ungewapokonya sufuria.

Ni kweli nilikudanganya. Ningekuambia ukweli ungekalia sanduku langu, na wewe ukikalia kitu hakitoki.

Usiogope. Sisi tunakaa nyuma ya wanajeshi, mbali. Kazi yangu ni kuweka jicho kwenye kamera na kutoliondoa. Mzungu aliyenifundisha kazi hii alikuwa na sheria moja tu: kamera haishuki. Mtu aanguke, nyumba iwake, wewe endelea, kwa sababu ukiishusha, kilichokuwa mbele yako kimekwenda na hakuna atakayekipata tena. Halafu ukitazama kupitia kile kioo, kila kitu kinakuwa kidogo na kiko mbali, kwa hiyo hutetemeki. Mutie, mwenzangu anayebeba mashine ya sauti, anasema mimi hutetemeka jioni, nikishika kijiko.

Kuhusu Oloo. Bosi alipotafuta mtu wa vita hii, wapigapicha wawili walikataa. Mimi nilikubali kabla hajamaliza kuongea, na sikukubali kwa ajili ya bosi. Majeshi haya yanakwenda Kampala, na Kampala kuna magereza. Waambie wazee wangoje. Nikifika huko nisipomwona, nitakuja nilikate hilo yago kwa mkono wangu mwenyewe.

Filister usimwambie chochote. Sitaki kumpa tumaini ambalo mimi mwenyewe sinalo.

Ndugu yako,
Oketch


Kisumu Ndogo, Kibera
20 Machi 1979

Mtoto wa mama,

Hatujambo. Mvua imeanza, na njia ya kwenda sokoni imekuwa tope tupu, lakini wateja wanakuja wameshika viatu mkononi. Mama anakula kidogo. Sella alikuwa na kikohozi, kimeisha.

Mildred ameweka televisheni kwenye baa yake, hapa nyuma ya kanisa letu. Wewe unajua mimi si mtu wa baa, lakini Khamala aliniambia picha zako zinaonyeshwa, basi nikaenda nikakaa pembeni na soda yangu. Nimeziona. Uliniandikia kwamba mnakaa nyuma ya wanajeshi. Katika zile picha wanajeshi walikuwa wanakimbia kuja upande wetu, nyuso zao naziona, hata jasho naliona. Sasa wewe ulikuwa nyuma ya nani?

Watu pale baani walikuwa wanashangilia. Nikawaambia picha hii imepigwa na mtoto wa mama yangu. Mmoja akasema, "Ebu acha mchezo, mama." Nikamaliza soda yangu.

Wazee wamekubali kungoja mpaka Jumatatu ya Pasaka, siyo zaidi. Mama hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alichukua jembe akaenda shambani na goti lake hilo. Filister naye juzi amerudi na shati la kiume alilonunua kwenye mitumba. Nikamuuliza, hili la nani? Akasema la baba Sella. Nikamuuliza umejuaje kipimo chake, mtu aliyekaa jela miaka yote hiyo? Akasema atalijaza tena. Mimi nikamsaidia kulifua.

Oketch, mimi niliwabeba nyote wawili mgongoni, wewe na Oloo, mama akiwa shambani. Mmoja amepotea. Sina nguvu ya kumtafuta wa pili. Rudi.

Magdaline


Njia ya Kampala
2 Aprili 1979

Dada Magi,

Naandika kwa haraka, ndege inangoja. Mimi mzima kabisa. Mvua ni nyingi, magari yanakwama kila mahali. Mutie amerudishwa Nairobi kwa ajili ya tumbo, chakula cha huku hakikupatana naye. Mimi nabeba mashine yake pamoja na kamera, si nzito.

Tumekaribia. Nimeonyesha jina la Oloo kwa kila mtu aliyetoka upande ule. Mmoja amesema kuna gereza ambamo waliwekwa Wakenya waliokamatwa Jinja, na wengine walikuwa hai mwaka jana. Ni hayo tu. Wazuie wazee.

Oketch


Kisumu Ndogo, Kibera
12 Aprili 1979

Oketch,

Sina salamu ndefu leo. Mama anasalimu, Filister anasalimu, Sella anasalimu.

Nilimpelekea Mutie uji hospitali. Tumbo gani hilo ambalo dawa yake ni kukata mguu? Nilisimama pale na chupa yangu ya uji, nikatazama shuka lilivyolala bapa upande mmoja, na barua yako iko kwenye mkoba wangu.

Nikamwambia anieleze. Akasema kombora lilianguka barabarani, yeye akalala pale anakuita, na wewe uliendelea kupiga picha mpaka filamu ikaisha. Kisha ukaweka kamera chini, ukamtia mgongoni, ukambeba mpaka kwenye lori huku risasi zinapita. Nikamuuliza kama amekukasirikia. Akasema, "Hapana, mama. Hiyo ndiyo kazi. Kama angeacha picha nusu, ningekuwa nimepoteza mguu bure." Mimi sikuelewa, na bado sielewi. Nilikulaumu na nikakuonea huruma pale pale, mbele ya mgonjwa.

Redio inasema Kampala imeanguka jana. Kisumu Ndogo yote imejaa ngoma, na mimi sijui kama uko hai. Jumapili jioni tunapanda basi la nyumbani, mimi na Filister na mtoto. Jumatatu asubuhi yago litakatwa. Baba mdogo amesema safari hii hata mvua haitawazuia. Sina la kuwaambia. Kama unalo, lilete.

Magi


Kampala
14 Aprili 1979

Dada yangu,

Barua hii haikufunguliwa na mtu, kwa sababu inaletwa na Oloo.

Soma tena polepole. Oloo yuko hai. Ni mifupa, meno mawili hayapo, na ukimwita kwa sauti ya juu anaficha kichwa, lakini ni yeye.

Walivunja lango la lile gereza asubuhi. Nilikuwa nimesimama mbele ya lango na kamera begani, mahali pazuri kuliko siku zote za kazi yangu. Watu wakaanza kutoka. Nikasema moyoni, leo hata iweje, usitikisike. Akatoka mzee mmoja amemshika mkono mwenzake kipofu, wakatoka wengine, na ndani ya kile kioo nikamwona mtu anakuja moja kwa moja upande wangu, anachechemea. Nilimfuata kwa kamera kama wengine. Magi, nilimpiga picha ndugu yangu kama mtu nisiyemjua, mpaka aliposema, "Oketch, ni wewe umejificha huko nyuma?"

Nikaishusha. Mimi, ambaye sikuishusha kwa ajili ya Mutie. Hata sikukumbuka kuizima. Nilimshika kwa mkono mmoja, na kamera inaning'inia kwenye ule mwingine, inanguruma, inapiga picha za matope. Nyuma yangu watu mia wanatoka gerezani na hakuna aliyewapiga picha.

Leo kuna ndege ndogo inayopeleka filamu Nairobi. Nimempakia humo. Khamala atampokea uwanjani ampeleke Kawangware. Hakuwa na viatu, nimempa vyangu vya kahawia, vile ulivyonichagulia kule mjini. Mimi nitakuja na ndege ya Jumanne, ziko nyingi.

Kimbieni nyumbani mkawazuie wazee. Mwambie Filister lile shati litakuwa kubwa kwa muda.

Oketch


Kisumu Ndogo, Kibera
23 Aprili 1979

Mtoto wa mama,

Tumefika salama, mama ni mzima, goti lake amelisahau. Jumanne ilipita, na Jumanne nyingine ni kesho. Uko wapi?

Khamala alimfikisha Oloo Kawangware siku ile ile. Filister alikuwa anafua uani. Hakupiga kelele. Alijipangusa mikono, akaingia ndani, akatoka na lile shati, akamvika, akafunga vifungo vyote mpaka cha shingoni. Ndipo akalia. Sella alipoambiwa huyu ni baba alisema "hapana", na hilo ndilo lilimfanya Oloo acheke mara ya kwanza.

Jumatatu tulishuka basi asubuhi, tukakimbia. Oloo hawezi kukimbia, tukamburuta. Tulipofika langoni, wanaume walikuwa wamesimama na majembe. Yago lilikuwa bado juu ya mti, mtu amepanda na panga. Lakini shimo, Oketch, shimo lilikuwa limekwisha chimbwa, refu, kando ya nyumba ya Oloo.

Mama alianguka kwa furaha, wazee wakarusha majembe. Halafu baba mdogo akatazama lile shimo na uso wake ukabadilika. Kwetu shimo la kaburi halifukiwi tupu, litadai mtu. Wakakata shina la mgomba wakaliweka ndani na kulifukia. Wanasema limetosha. Mimi nilisimama pale nikaona udongo hautoshi kujaa, umebaki na bonde, na tangu siku hiyo sijalala vizuri.

Sasa nikuulize. Oloo ameniambia ile ndege ilikuwa na nafasi moja, na nafasi hiyo ilikuwa yako. Ulikuwa umemaliza kazi, kampuni ilikuita nyumbani. Amesema rubani alikuonya kwamba hajui atarudi lini. Wewe unaniandikia ndege ziko nyingi. Hivi unafikiri mimi nikiambiwa ukweli nitavunjika kama yai?

Nilikwenda tena kwa Mildred. Wameonyesha lile gereza. Lango linafunguka, mzee anatoka na kipofu wake, wengine wanatoka, halafu picha inakatwa, anatokea mtu wa habari amevaa tai. Oloo hayumo. Nilitaka kuwaambia wale walevi wangoje kidogo, ndugu zangu wanakuja.

Njoo. Njoo kwa lori, njoo kwa miguu. Lile shimo silipendi.

Dada yako,
Magi


Njia ya Lira
11 Mei 1979

Dada Magi mpendwa,

Barua yako imenipata leo. Nimeisoma mara nyingi, hasa pale Sella alipomkataa baba yake. Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, na viatu vya jeshi nilivyopewa vinanibana vidole.

Yote uliyosema ni kweli. Nafasi ilikuwa moja. Ungekuwa wewe ungefanyaje? Kumwacha pale, siku mbili kabla hajazikwa?

Lakini kuna jambo lingine, na nalisema kwa kuwa umechoka kudanganywa. Wakubwa wa kampuni huko London wameleta teleksi. Wanauliza kwa nini picha za gereza zinakatika watu walipoanza kutoka, na kile kipande kirefu cha matope ni cha nini. Bosi amesema nimeharibu picha ambayo vita nzima ilikuwa inaingoja. Sikumweleza. Ningeelezaje kwa teleksi? Kwa hiyo wameniambia nifuatane na jeshi huku kaskazini mpaka mwisho, nikawaletee kitu cha kufidia. Mimi nimekubali. Si kwa hofu ya kufukuzwa. Wale watu waliotoka nyuma ya mgongo wangu walikuwa na ndugu pia, wamekaa kwenye baa fulani wanasubiri kuwaona. Nawaota.

Usiogope shimo. Limeshapewa mgomba wake.

Mwambie Oloo akipata nguvu aezeke paa la ile simba yangu, kile kibanda changu. Mwanamume wa umri wangu kuwa na kibanda cha ujana kinachovuja nyumbani kwa mama yake ni aibu, na nikirudi nataka kulala hapo mwezi mzima bila kutazama kitu chochote. Avivae vile viatu, asivitunze tu.

Nakupenda, Magi. Sijui kwa nini hatuambiani.

Oketch


Nyumbani, Seme
17 Juni 1979

Oketch, mtoto wa mama,

Mama anakusalimu. Filister, Sella na Oloo wanakusalimu. Mutie amekuja na magongo yake kutoka Nairobi, anakusalimu.

Barua yako ya mwezi wa tano ilifika wiki jana. Khamala alikuwa ameshatuletea habari siku kadhaa kabla, kwamba gari lenu lilikanyaga bomu darajani, mto umefurika, na hawakukupata. Kwa hiyo niliposoma kwamba viatu vinakubana vidole, ulikuwa umeshakwenda. Nilikujibu kwa mdomo, pale sokoni, na watu walidhani naongea na omena.

Tulikungoja. Mama alikataa yago kama alivyokataa la Oloo, na safari hii aliyekwenda kumwomba hakuwa baba mdogo. Oloo ndiye aliyekaa mbele yake akamwambia, "Mama, mimi nililetwa na huyu. Mimi mliningoja, nikaja. Huyu hakuna wa kumleta." Mama akaingia ndani, akatoka na panga, akampa. Leo asubuhi Oloo akapanda mwenyewe mti ule ule, akalikata, akalibeba begani mpaka nyumbani. Lilikuwa zito kwake, na hakukubali asaidiwe. Nimemwona ndugu yangu amebeba yago lililokuwa lake, akaliweka kando ya simba yako. Ameshaiezeka, haivuji.

Mchungaji aliomba picha yako iwekwe mezani, watu waione. Ndipo tukagundua kwamba hatuna. Tulitafuta Kibera, tukatafuta Kawangware, tukamuuliza bosi wako. Miaka yote hiyo umepiga picha za kila mtu, na wewe hakuna aliyekupiga hata moja. Nililia kwa hilo kuliko mengine yote.

Khamala alirudi Nairobi. Aliwaomba watu wa London wakitafute kile kipande cha matope kabla hakijatupwa, na jana amefika hapa na picha moja waliyoitoa humo. Hakuna uso. Ni ardhi yenye matope, na miguu minne imesimama karibu karibu: miwili imevaa viatu vya kahawia, miwili haina kitu. Mchungaji alisita. Mimi nikaichukua nikaisimamisha mezani, juu ya kitambaa cheupe, na watu wote wa Seme wamepita kuitazama. Mama aliishika kwa muda mrefu. Alisema miguu yenu ilikuwa hivyo hivyo tangu utotoni, hamkujua kusimama mbalimbali.

Sasa wanaume wamemaliza kuchimba na wananiita. Wamesema kama kuna kitu chako kiende pamoja na yago. Oloo amevua vile viatu, amevipangusa kwa lile shati lake, na amenipa. Naikunja barua hii naitia ndani ya kiatu cha kulia. Kisha tutarudi ndani kunywa chai, na Oloo atakuwa pekupeku.

Nami nakupenda. Umesikia?

Dada yako,
Magdaline